Protini imeshuka, uvimbe umekua: mailoma inapotoka nje ya uloto

Karatasi ya majibu inasema protini ya M imeshuka kutoka gramu 38 kwa lita hadi gramu 6. Ndugu waliomsindikiza mgonjwa kutoka Marangu wanamshukuru Mungu, na kweli, kwa mailoma ya kawaida, yaani saratani ya seli za plazma za uloto, hiyo ni habari njema. Lakini mgonjwa mwenyewe ameshika ubavu wa kushoto, chini kidogo ya kwapa. Anasema hapa pamevimba tangu wiki juzi. Pameviringana kama limau, hapaumi sana, hapasogei. Kosa hutokea hapo: karatasi inaaminiwa, ubavu unaachwa.

Haya yameandikwa kwa wauguzi, matabibu wa wilayani, watu wa maabara, na ndugu wanaobeba mafaili kati ya Arusha na Moshi. Asiyetaka habari za seli aruke aya mbili.

Seli ya plazma ni kiwanda cha kingamwili. Ikigeuka saratani huendelea kutengeneza kingamwili ya aina moja tu, isiyo na faida kwa mtu, na hiyo ndiyo tunayoipima kama protini ya M. Kiwanda hiki kimejengwa ndani ya uloto, ile nyama laini ya katikati ya mfupa ambayo wengine huiita uboho, nacho huutegemea uloto kwa chakula na kwa mahali pa kujishikiza. Kwenye ganda la seli kuna vishikizo. Maabara huvijua kwa majina kama CD56, VLA-4 na CXCR4. Seli iliyopoteza vishikizo hivyo, au iliyovibadilisha, inaweza kuingia kwenye damu na kwenda kuota kwenye ini, ngozi, tezi, utando wa mapafu, korodani, hata ubongo. Mara nyingi ni seli iliyokwisha kuvurugika sana kwenye vinasaba: kipande cha kromosomu 17 chenye jeni ya TP53 kimekatika, mkono mrefu wa kromosomu 1 umeongezeka nakala, jeni za MYC au RAS zimewaka na hazizimiki. Seli ya namna hiyo hurudi utotoni. Hugawanyika haraka na kusahau kazi ya kiwanda.

Ndiyo maana protini inaweza kushuka huku ugonjwa unapanda. Dawa imeua zile seli tiifu zilizobaki kwenye uloto, ambazo ndizo zilizokuwa zikitoa protini nyingi. Zilizohama hutoa kidogo au hazitoi kabisa. Wakati mwingine hutoa vipande tu, yaani minyororo myepesi, inayochujwa na figo na kutoka na mkojo. Na hapo pana mtego mwingine. Kile kijiti cha rangi cha kupimia mkojo kinaona albumini, minyororo myepesi hakiioni. Mkojo unaweza kujaa protini na kijiti kikasoma kwamba hamna kitu. Kinachotakiwa ni kipimo cha minyororo myepesi kwenye damu, au elektroforesisi (kipimo kinachotenganisha protini kwa umeme) ya mkojo wa saa 24.

Kutoka nje ya uloto kuko kwa namna mbili. Ya kwanza ni uvimbe unaotoboa ukuta wa mfupa na kuvimbia nje ukiwa bado umeshikana nao: mbavu, pingili za mgongo, fuvu, kidari, nyonga. Huu ndio unaoonekana zaidi, na husikia dawa vizuri kiasi. Ya pili ni seli kusafiri na damu hadi mahali pasipo na mfupa kabisa. Hii ni adimu mtu anapogunduliwa mara ya kwanza, chini ya watano katika mia, lakini huongezeka ugonjwa unaporudi baada ya dawa kadhaa, na ndiyo inayoua haraka. Anayeandika "plazmasaitoma", yaani uvimbe wa seli za plazma, kwenye faili bila kusema kama imeshikana na mfupa au la amemwachia mwenzake fumbo. Na seli za plazma zikifika 5 au zaidi katika kila chembe nyeupe 100 za damu ya mshipani, hiyo sasa ni lukemia (saratani ya damu) ya seli za plazma. Zamani mpaka ulikuwa 20. Ulishushwa mwaka 2021, na bado kuna maabara zinazotumia ule wa zamani.

TB kabla ya kitu kingine

Huku Kaskazini maumivu ya mgongo, kukonda na ESR (kasi ya damu kutuama) ya 120 husomeka kuwa TB kabla mgonjwa hajakaa kitini. Si ujinga, TB ya uti wa mgongo ipo kwelikweli na ni nyingi kuliko mailoma. Tatizo ni miezi sita ya dawa za TB kwa mtu asiye na TB, ambaye wakati huo figo zinakufa.

Tazama picha ya mgongo kabla ya kuandika dawa. TB kwa kawaida hula ile diski iliyo kati ya pingili mbili na kuziharibu pingili zote mbili zinazopakana nayo. Mailoma mara nyingi huiacha diski. Pingili ndiyo inayobomoka, na uvimbe unaweza kutokeza pembeni ukafanana kabisa na jipu baridi la TB. Halafu kuna hesabu ambayo haihitaji mashine ya ziada: chukua jumla ya protini kwenye damu, toa albumini. Jumla gramu 105 kwa lita, albumini 30, inabaki 75. Ikizidi 40, lazima mtu aulize kwa nini. VVU na TB navyo hupandisha bakaa hiyo, kwa hiyo hatua inayofuata ni elektroforesisi. Mlima mpana wa duara, kama Kibo inavyoonekana ukiwa Moshi mjini, ni kingamwili za kila aina zilizopanda pamoja. Kilele kimoja chembamba kilichochongoka, kama Mawenzi, ni cha ukoo mmoja wa seli. Kwenye filamu ya damu utaona chembe nyekundu zimepangana kama sarafu.

Maji ya mapafu nayo yanadanganya. Kimeng'enya cha ADA, ambacho wengi hukichukulia kama muhuri wa TB, kinaweza kupanda pia mailoma inapoingia kwenye utando wa mapafu. Yazungushe maji hayo kwenye mashine, paka tone la mashapo kwenye kioo, tia rangi, tazama kwa darubini. Seli za plazma huonekana wazi: kiini kimekaa pembeni, na kando yake kuna doa jeupe.

Uvimbe kwenye ini utaitwa saratani ya ini, uvimbe kwenye ngozi utaitwa jipu na utapasuliwa. Hakuna njia ya mkato hapa, kinyama kichukuliwe.

Kinyama, na jinsi kinavyoharibika njiani

Sindano nyembamba ya kunyonya haitoshi. Itakuonyesha seli za plazma, lakini haitabakiza nyama ya kutosha kwa rangi zote zinazohitajika. Tumia sindano nene ya kukata, ya geji 14 au 16, na utoe vipande vitatu au vinne. Vitumbukizwe mara moja kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa, na wingi wa formalini uwe walau mara kumi ya nyama. Asilimia 10 maana yake ni sehemu moja ya formalini kali iliyochanganywa na sehemu tisa za maji ya bafa. Kwenye vituo vidogo huwa mtu anamimina ile kali yenyewe akidhani inahifadhi zaidi. Nje panakauka kama ngozi ya ngoma, dawa haipenyi, ndani panaoza. Kosa la upande wa pili ni kuweka kinyama kwenye maji ya chumvi ya dripu na kukiacha hadi gari la kesho. Kikifika hospitali kubwa seli zimeshayeyuka, na mgonjwa anaitwa kuchomwa tena.

Andika saa kinyama kilipoingia kwenye formalini. Chini ya saa sita hakijaiva. Kikikaa siku nyingi, protini hufungana na rangi hazishiki.

Kuna faida moja ya uvimbe wa nje ambayo haisemwi vya kutosha. Kipande cha mfupa kinachotolewa nyongani lazima kilainishwe kwa asidi kabla ya kukatwa, na asidi hiyo huharibu vinasaba. Kinyama cha uvimbe laini hakihitaji asidi. Ukitaka kupima kromosomu 17 na 1, hicho ndicho cha kupeleka, tena ndicho chenye ugonjwa wenyewe. Uloto wa mgonjwa huyohuyo unaweza kuonekana karibu safi.

Omba rangi za CD138, MUM1, kapa na lambda (aina mbili za minyororo myepesi), CD56 na CD20. Mgonjwa akiwa na VVU, ongeza EBER, kipimo kinachoonyesha virusi vya EBV ndani ya seli. Kuna limfoma (saratani ya chembe nyeupe za kinga) inayoitwa ya plazmablasti, inayowapata zaidi wenye VVU, na chini ya darubini inafanana na mailoma iliyorudi utotoni kiasi cha kumchanganya hata mzoefu. Virusi vya EBV vikiwemo ndani ya seli, hakuna protini ya M na mifupa ni mizima, fikiria limfoma hiyo kwanza. Dawa zake ni nyingine.

Jambo moja juu ya LDH, kimeng'enya cha ndani ya seli kinachopimwa kwenye damu, kwa sababu kwenye ugonjwa huu ikipanda hubadilisha uamuzi. LDH imejaa ndani ya chembe nyekundu. Damu iliyovutwa kwa nguvu na bomba la sindano, ikatikisika kwenye noa kutoka Same, ikafika baada ya saa tano bila kutenganishwa, itatoa LDH ya juu na potasiamu ya juu hata kwa mtu mzima wa afya. Tenganisha seramu mapema, ndani ya saa mbili ikiwezekana. Na usiiweke kwenye barafu ukidhani unaitunza: sehemu ya LDH huharibika kwa baridi, halafu majibu yanatoka chini kuliko ilivyo. Joto la kawaida la chumba linatosha. Seramu ikionekana ya waridi, usiyaandike majibu hayo kwenye faili. Vuta damu nyingine.

Kupima uvimbe

PET ndiyo picha bora ya kutafuta uvimbe mwili mzima, kwa sababu inaonyesha mahali sukari inapoliwa kwa kasi. Kutoka Arusha, wenye uwezo hupita Namanga hadi hospitali ya Aga Khan, Nairobi. Asile chochote kwa saa sita, na sukari ya damu isizidi milimoli 11 kwa lita siku hiyo. Deksamethazoni (dawa ya steroidi) ya jana yake inaweza kuharibu safari nzima kwa kupandisha sukari, kwa hiyo panga tarehe na daktari kabla ya kukata tiketi. Wachache hutoka na PET safi ilhali wana ugonjwa, kwa kuwa seli zao hazikamati ile sukari.

Asiyeweza PET asikate tamaa. MRI ya mgongo, CT ya kifua na tumbo, na ultrasaundi ya ini hufanya kazi kubwa. Ukitumia dawa ya kung'arisha picha ya CT, pima kreatinini kwanza na mgonjwa awe amekunywa maji. Figo za mailoma hazina akiba.

Kwa uvimbe unaoshikika, rula inatosha. Pima urefu mrefu kuliko wote, kisha upana unaoukata ule urefu kwa pembe ya mraba, zidisha. Sentimita 6 kwa 5 ni 30. Baada ya mizunguko miwili ya dawa, 4 kwa 3.5 ni 14. Umepungua kwa zaidi ya nusu, na hilo huhesabiwa kuwa jibu la dawa hata kama mgonjwa bado anauona. Ukifika 14 halafu ukapanda hadi 21, hiyo ni nusu tena juu ya kiwango cha chini ulichowahi kufikia: ugonjwa umeendelea, protini iseme inavyotaka. Pakitokea uvimbe mpya popote, hakuna haja ya hesabu. "Umepungua kidogo" ni maandishi yasiyo na maana kwa daktari wa zamu inayofuata.

Dawa

Kabla ya mpango wowote, uliza miguu. Mgonjwa mwenye uvimbe kando ya mgongo akisema miguu imekuwa mizito, au mkojo unakataa kutoka, au pale anapokalia panakufa ganzi, hiyo ni dharura ya leo hii. Deksamethazoni ianze saa hiyohiyo, kwa kawaida miligramu 16 kwa siku, huku MRI na mionzi vikitafutwa. Aliyekwisha kupooza siku tatu ni nadra asimame tena. Kwa miaka mingi wagonjwa wa mionzi wa Kaskazini wamesafiri hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Mwenye pingili iliyobomoka asikalishwe siti ya nyuma ya basi juu ya matairi. Alazwe, hata kama ni kwenye gari la kukodi.

Seli za mailoma huumia sana kwa mionzi. Kwa maumivu tu, dozi moja ya Gy 8 (Gy, yaani grei, ni kipimo cha mionzi) mara nyingi inatosha. Mgongo uliobanwa hupewa Gy 20 kwa siku tano au Gy 30 kwa siku kumi. Lakini mionzi hutibu pale ilipolengwa, haimfuati mgonjwa mwili mzima, na aliyepewa mionzi bila dawa ya mwilini huwa na uvimbe mwingine kwingine baada ya muda mfupi.

Msingi wa dawa kwa wagonjwa wengi wanaohudumiwa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, na kwingineko nchini ni bortezomibu na deksamethazoni, pamoja na ya tatu: siklofosfamidi, thalidomidi au lenalidomidi. Mpangilio mmoja unaozoeleka ni bortezomibu miligramu 1.3 kwa kila mita mraba chini ya ngozi, siklofosfamidi miligramu 300 kwa kila mita mraba ya kumeza, na deksamethazoni miligramu 40, vyote mara moja kwa wiki.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kichupa cha bortezomibu ndicho kinachokosewa kuliko dawa nyingine yoyote kwenye orodha hii. Kina miligramu 3.5 za unga. Ukiweka mililita 3.5 za maji ya chumvi unapata miligramu 1 kwa mililita; hiyo ni ya mshipani. Ukiweka mililita 1.4 unapata miligramu 2.5 kwa mililita. Hiyo ni ya chini ya ngozi. Sasa chukua mama wa kilo 63 na sentimita 165. Zidisha, 10,395. Gawa kwa 3,600, unapata 2.89. Kipeuo chake cha pili ni mita mraba 1.7. Mara 1.3, ni miligramu 2.21. Chini ya ngozi hiyo ni mililita 0.88.

Akichanganya mmoja kwa mililita 3.5 na mwingine akavuta 0.88, mama amepata asilimia 40 ya dozi yake, na mwezi ujao itaandikwa kwamba ugonjwa umekuwa sugu. Ikichanganywa kwa 1.4 na mwenye kuchoma akitafuta mililita 2.2, atavuta kichupa kizima na bado haitafika, na hapo mama tayari amepata miligramu 3.5. Kama atafungua kichupa cha pili ili itimie, ni miligramu 5.5. Kuzidisha dozi ya dawa hii zaidi ya mara mbili kumewahi kuua watu, presha ikianguka ghafla na chembe sahani zikiisha. Bomba la sindano liandikwe mambo mawili: miligramu ngapi, na miligramu ngapi kwa kila mililita. Kuandika "bortezomibu 0.88" peke yake hakumsaidii mtu.

Ikishachanganywa itumike ndani ya saa nane. Choma tumboni au pajani, ukihama walau sentimita 2.5 kutoka pale pa wiki iliyopita. Kati ya sindano na sindano zisipungue saa 72. Aliyekosa wiki moja kwa sababu ya barabara ya Karatu au ada za shule haongezewi dozi mbili wiki inayofuata. Na bortezomibu haiingii kwenye uti wa mgongo kamwe. Imewahi kuingizwa huko kwa bahati mbaya na wagonjwa wakafa. Mgonjwa ambaye mailoma imeingia ubongoni huchomwa methotreksati au sitarabini kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo siku hizo mbili zitenganishwe kabisa, na sinia moja lisibebe mabomba ya aina zote mbili. Bortezomibu yenyewe haivuki kuingia ubongoni, si ya kutegemea huko.

Uvimbe mkubwa wenye LDH ya juu unaweza kuyeyuka kwa kasi kuliko figo zinavyoweza kusafisha. Dripu ianze kabla ya dawa, pamoja na alopurinoli (dawa ya kushusha asidi ya yuriki), na potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki vipimwe siku mbili tatu za mwanzo.

Ugonjwa unapokimbia kuliko dawa hizi, kuna mchanganyiko mkali unaoitwa PACE: sisplatini, doksorubisini, siklofosfamidi na etoposidi kwa dripu ya siku nne mfululizo, mara nyingi ukiongezewa bortezomibu na thalidomidi. Uvimbe hupungua ndani ya siku chache. Faida hiyo haidumu, ni daraja la kumvusha mtu hadi matibabu mengine, na kama ng'ambo hakuna kitu sioni sababu ya kumpitisha. Chembe nyeupe zitaanguka. Homa ya nyuzi 38 katika siku hizo inahitaji antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja, na kutoka Rombo usiku mtu hawezi kufika ndani ya muda huo. Apange chumba Moshi mjini kwa wiki tatu, na ndugu wa kuchangia damu na chembe sahani wawe wameshajulikana majina kabla ya dripu ya kwanza.

Baada ya uvimbe kunywea, anayeweza hupandikizwa seli zake mwenyewe kufuatia melfalani ya dozi kubwa, miligramu 200 kwa mita mraba. Muhimbili imeshaanza kazi ya kupandikiza uloto, na wengine hupelekwa India. Kwa aliyetokewa na uvimbe mbali na mfupa, upandikizaji humpa muda. Kumwahidi zaidi ya hapo si haki.

Dawa mpya zinaulizwa sana na ndugu walio nje ya nchi, basi nizitaje. Daratumumabu, inayosifiwa kwa mailoma ya kawaida, hupungukiwa nguvu mbele ya uvimbe wa nje. Teklistamabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, hushika seli ya mailoma kwa mkono mmoja na seli ya kinga kwa mkono wa pili; peke yake, kwa wenye uvimbe wa nje ilifanya kazi kwa kiasi cha mmoja katika watatu. Ilipounganishwa na talketamabu, dawa ya namna hiyohiyo, kwenye utafiti wa wagonjwa 90 wenye uvimbe wa kweli wa nje, karibu wanane katika kumi walipata nafuu. Matokeo hayo ni ya mwaka 2025, na kwa ugonjwa huu hayakuwahi kuonekana. Gharama yake ni wodi inayoweza kukabili homa kali na kushuka kwa presha siku za mwanzo, maambukizi yasiyokoma, kucha kuchubuka na ladha ya chakula kupotea hadi mtori unaonja kama majivu. Ndugu wa Marekani au Ulaya wanaotaka kusaidia waulize kwanza kama mgonjwa anaweza kuhudumiwa hukohuko kwa miezi. Kutuma vichupa kwa ndege hakusaidii.

Nyumbani

Diklofenaki iondoke. Ndiyo dawa ya kwanza anayopewa kila mwenye maumivu ya mgongo kwenye duka la dawa, na kwa figo zilizojaa minyororo myepesi ndiyo msukumo wa mwisho shimoni. Ibuprofeni vilevile. Parasetamoli, tramadoli, na mofini ya maji pale inapohitajika ni salama zaidi, ila kwa tramadoli na mofini dozi ipunguzwe kama figo zimeshachoka. Maji lita tatu kwa siku, yaani chupa sita ndogo za nusu lita, isipokuwa daktari amesema moyo au figo haziruhusu.

Vidonge vya kalsiamu vinavyoletwa na watu wema kwa sababu "mifupa inauma" visimezwe bila kipimo. Mifupa inayoliwa humwaga kalsiamu kwenye damu. Kiu isiyoisha, choo kigumu, na mzee kuanza kusahau majina ya wajukuu ni dalili kwamba imeshazidi. Kuchuliwa na fundi wa mifupa kuachwe. Mbavu hukatika chini ya mikono yake. Ndoo ya maji na mkungu wa ndizi kichwani navyo vibebwe na wengine.

Bortezomibu huamsha mkanda wa jeshi, kwa hiyo asaiklovia miligramu 400 mara mbili kwa siku iende pamoja nayo muda wote. Unga wa chai ya kijani na vidonge vikubwa vya vitamini C huifunga bortezomibu, visitumike. Chungwa moja si tatizo. Deksamethazoni inywewe asubuhi baada ya chakula, la sivyo usiku utakuwa wa kutembea ndani ya nyumba. Kabla ya kuianza kwa muda mrefu, ulizia minyoo aina ya strongiloidi na TB iliyolala, maana zote mbili huamka kinga ikilala. Kabla ya zoledroniki, dawa ya kukinga mifupa, miligramu 4 kwa dripu ya dakika 15, meno mabovu yang'olewe kwanza na fizi zipone. Jino likija kung'olewa baadaye, taya linaweza kukataa kufunga. Na ganzi isemwe mapema. Ganzi ya vidole vya miguu ikianza kuuma, au ikipanda kifundoni, dozi hushushwa kutoka 1.3 hadi 1.0. Anayevumilia kimya kwa kuogopa kukatiwa dawa huishia kushindwa kufunga vifungo vya shati, na neva hiyo huchukua miezi kurudi.

Daftari la shule la kurasa 40 litembee na mgonjwa kila kliniki. Mstari mmoja kwa kila tarehe: protini ya M, minyororo myepesi, LDH, kreatinini, kalsiamu, uvimbe kwa sentimita mbili, ganzi imefika wapi. Safu ya uvimbe ijazwe kwanza, mgonjwa akiwa amevua shati, kabla bahasha ya majibu haijafunguliwa.